Avaaye Beji ya Mionzi Alipwe Kama Mfanyakazi wa Mionzi: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Afya Mombasa

Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa, kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, kwa Tume ya Mishahara na Marupurupu, na kwa wakurugenzi wa hospitali na kliniki za binafsi zenye vyumba vya eksirei katika kaunti hii.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zote mnazostahiki, ninawaandikia nikiwa radiografa, yaani mtaalamu wa kupiga picha za eksirei, ambaye maisha yangu yote ya kazi yamepita hapa Pwani, katika hospitali za umma na za binafsi. Mshahara wangu si mada ya barua hii. Ninataka kuwazungumzia wasaidizi wa radiolojia, yaani wale wanaompokea mgonjwa mlangoni mwa chumba cha picha, wakamhamisha kutoka kwenye machela hadi mezani, wakampanga, wakaingiza bamba la kunasa picha chini ya nyonga iliyovunjika bila kumzidishia maumivu, wakaandika jina lake kwenye kompyuta, na wakahakikisha kwamba mguu unaopigwa picha ndio ule alioutaja daktari. Radiografa aliyewahi kuikabili foleni ya Jumatatu asubuhi bila msaidizi anajua ninachokisema.

Ombi langu ni moja, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu linagusa sheria, fedha na utu kwa pamoja. Kila mfanyakazi ambaye anatambuliwa kuwa anafanya kazi penye mionzi, hata akavishwa kifuani beji ya kuipima mionzi hiyo, atambuliwe vivyo hivyo katika barua yake ya ajira na katika hati yake ya mshahara. Katika vituo vingi nilivyopitia mambo hayako hivyo. Beji inasema huyu ni mfanyakazi wa mionzi, na hati ya mshahara inasema ni mhudumu wa usafi, au tarishi, au kibarua wa siku.

Tofauti hiyo ina historia yake. Hapo zamani picha ya eksirei ilikuwa filamu, na filamu ilihitaji chumba cha giza. Msaidizi alishinda humo, akiitoa filamu kwenye kaseti kwa mwanga hafifu wa taa nyekundu, akiitia kwenye dawa ya kuitokeza picha, kisha kwenye dawa ya kuifanya idumu, akiisuuza kwa maji na kuianika ikauke. Ilikuwa kazi ya mikono na macho, na mvuke wa zile dawa ulichoma koo, lakini ilifanyika mbali na mgonjwa na nyuma ya ukuta uliozuia mionzi. Waliopanga madaraja wakati huo waliiweka pamoja na kazi za chini kabisa za hospitali, na ingawa sikubaliani nao, walau ninaelewa walichokiona. Kisha zikaja kaseti zinazosomwa na kompyuta, na baada yake mabamba yanayotuma picha moja kwa moja kwenye skrini. Vyumba vya giza vikafungwa, vingine vikageuzwa stoo. Msaidizi akatoka gizani akaingia chumba cha mgonjwa, na tangu hapo kazi yake imekuwa kuinua, kupanga, kutuliza, kuuliza, kuandika na kutuma picha kwa daktari. Cheo chake kikabaki kilekile cha chumba cha giza.

Na cheo ndicho kinachoamua mshahara kuliko jambo lingine lolote. Tume ya Mishahara na Marupurupu, iliyoundwa na Ibara ya 230 ya Katiba ya 2010, huishauri serikali ya kitaifa na serikali za kaunti kuhusu malipo ya watumishi wa umma, na ushauri huo hutegemea tathmini ya kazi. Tathmini haimwoni mtu akiwa kazini saa nane za usiku. Husoma maelezo ya kazi yaliyoandikwa na mwajiri. Jukumu lisiloandikwa humo halipewi uzito wowote, hata kama ndilo linalomaliza nusu ya zamu. Kwa hiyo mwajiri anapompeleka mtu huyu kwenye orodha akiwa mhudumu, Tume haiwezi kulaumiwa ikimrudisha na malipo ya mhudumu. Ndiyo maana barua hii nimeanza kuwaelekezea walioko Mombasa kabla ya walioko Nairobi.

Niruhusuni nieleze basi ni mambo gani msaidizi huyu huyaamua, kwa sababu uzito wa maamuzi ndio unaotakiwa kupimwa. Mama wa umri wa kuzaa ameletwa kupigwa picha ya nyonga. Anayemuuliza, kwa sauti ya chini na faraghani, kama huenda ana mimba, mara nyingi ni msaidizi, kwa kuwa radiografa yuko ndani na mgonjwa mwingine, na swali hilo likisahaulika hakuna namna ya kulirudia baada ya picha kupigwa. Wagonjwa wawili wenye majina yaleyale wanaitwa kwa pamoja, jambo la kila siku katika mji ambao kila ukoo una Fatuma na Mohamed wake, na msaidizi ndiye anayewatenganisha kwa tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili kabla picha ya mmoja haijaingia kwenye jalada la mwenzake. Mgonjwa aliyedungwa dawa ya kuonyesha mishipa kwenye mashine ya CT, ile inayopiga picha za mwili tabaka kwa tabaka, anaanza kujikuna shingo na kukohoa kidogo, na aliye karibu naye kuliko wote, akaona kabla ya yeyote kuona, akasimamisha kazi na kumwita daktari, ni yule ambaye hati yake ya mshahara inasema kazi yake ni kufagia.

Kuna pia ufundi ambao hauandikwi popote. Nimemwona msaidizi akimwekea bibi mmoja wa Kwale bamba mgongoni, bibi aliyeanguka kisimani na asiyependa kuguswa, akizungumza naye Kidigo polepole kuhusu shamba na wajukuu, mpaka mabega yakalegea yenyewe, kisha akamwambia avute pumzi na kuizuia, na picha ikatoka safi kwa mara ya kwanza. Anayedhani hilo ni jambo dogo ajaribu kumpiga picha mtu anayetetemeka. Picha iliyotikisika hurudiwa, na kurudia maana yake ni mionzi mara ya pili mwilini mwa mgonjwa, muda wa mashine uliopotea, na foleni iliyorefuka. Msaidizi hodari huiokoa hospitali gharama hiyo mara nyingi kwa siku, na hakuna mahali popote kwenye malipo yake ambapo uhodari huo unaonekana. Aliyeanza kazi wiki iliyopita na aliyeifanya tangu enzi za filamu hulipwa kitu kimoja, kwa sababu daraja la mhudumu halina ngazi za kupanda.

Nakuja kwenye mionzi, na hapa naomba msome kwa makini. Madhara ya eksirei yalianza kuonekana kwenye mikono ya waliofanya nayo kazi muda mfupi tu baada ya Wilhelm Röntgen kuigundua mwaka 1895, na kwa uzoefu huo mchungu dunia ikajiwekea mipaka. Mipaka inayofuatwa kimataifa leo ni kwamba mfanyakazi wa mionzi asipokee zaidi ya milisiverti 20 (milisiverti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na asipite 50 katika mwaka wowote mmoja, ilhali kwa mwananchi wa kawaida mpaka ni milisiverti 1 tu kwa mwaka. Hapa Kenya usimamizi wa mambo haya uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya kinga dhidi ya mionzi, na beji tunazovaa ni sehemu ya usimamizi huo. Sasa, mpaka ule mkubwa umewekwa kwa ajili ya mtu ambaye kazi yake inajulikana kuwa ni ya mionzi, aliyefundishwa, anayepimwa, na ambaye hatari hiyo imo katika masharti ya ajira yake. Mhudumu wa usafi yumo katika mpaka wa milisiverti 1. Mwajiri hawezi kumhesabu mtu mmoja kwenye 20 siku ya kugawa kazi na kumhesabu kwenye 1 siku ya kulipa.

Sisemi kwamba wasaidizi wetu wanaungua. Katika idara inayosimamiwa vizuri dozi ya mfanyakazi hukaa chini sana ya mpaka, na kanuni inayotulinda ni nyepesi: ukirudi nyuma mara mbili ya umbali uliokuwapo, mionzi inayokufikia hupungua hadi robo. Lakini kanuni hiyo inamfaa anayeweza kurudi nyuma. Mtoto mchanga hajui kutulia, na mgonjwa aliyepoteza fahamu hawezi kujishika. Mwongozo wa kinga unasema mfanyakazi asiwe ndiye anayeshika wagonjwa kila mara. Ashike mzazi au ndugu, naye avae aproni ya madini ya risasi. Usiku wa manane, majeruhi akiwa ameletwa na msamaria mwema aliyekwisha kuondoka, ndugu yuko wapi? Anayeshika ni msaidizi. Na aproni hiyo ni mzigo mabegani, tena katika miezi ya kaskazi, kiyoyozi kikiwa kimeharibika, hewa ya chumba ikiwa nzito na jasho likitiririka hadi miguuni.

Wala hatari haiishii kwenye mionzi. Foleni ya picha za kifua ndiyo foleni ya watu wanaokohoa, na baadhi yao wanakuja kwa sababu daktari anashuku kifua kikuu. Msaidizi huwapokea wote kabla jibu la yeyote halijajulikana. Pia kuna migongo. Kumhamisha mtu mzima kutoka machela hadi meza, mara baada ya mara, bila shuka la kuteleza na bila mtu wa pili, kumewamaliza watu niliowafahamu wakiwa na nguvu zao. Katika utumishi wa afya yako marupurupu yaliyowekwa kwa ajili ya hatari za kazi, na ni haki kwamba wauguzi, madaktari na wataalamu wengine wanayapata. Msaidizi wa radiolojia anayakosa kwa sababu moja tu: orodha ya wanaostahili huandikwa kwa vyeo, na cheo chake hakimo.

Hali ni hiyohiyo kwa posho ya kuitwa usiku. Katika hospitali moja ya mji huu, ambayo sitaitaja, nilifanya kazi na dada mmoja aliyekuwa akiishi Likoni. Simu ilipolia usiku aliamka, akatafuta bodaboda mpaka kivukoni, akasubiri feri, akavuka, akatafuta tuktuk upande wa pili, akafika akiwa tayari kufanya kazi. Radiografa aliyekuwa zamu alikuwa na posho ya kuitwa. Yeye hakuwa nayo, na nauli ya kwenda na kurudi aliitoa mfukoni mwake. Alipouliza kwa maandishi, alijibiwa kwamba cheo chake hakihusiki na huduma za dharura. Usiku uliofuata aliitwa tena kwa dharura. Nilimsaidia kuandika barua ya pili, kisha ya tatu, na mwishowe akaacha kazi na kwenda kuuza nguo, na idara ikampoteza mtu aliyejua kumpanga mgonjwa wa ajali kuliko wengi wenye vyeti.

Nimetaja vyeti, na sitaki kuvidharau. Elimu ni miongoni mwa mambo yanayopaswa kuongeza mshahara, na ni sawa kwamba katika utumishi wa umma mwenye stashahada huanzia daraja H na mwenye shahada daraja K. Stashahada ya picha za kitabibu katika Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya ni masomo ya miaka mitatu. Tatizo ni kwamba msaidizi mwenye watoto hawezi kuacha kipato kwa miaka mitatu akasome, na hakuna daraja lililo katikati kati ya kufagia na kuwa radiografa ambalo angeweza kulifikia kwa kozi fupi na mtihani wa vitendo. Anabaki chini ya ngazi ambayo haina vipago vya kwanza.

Yapo mambo mengine yanayoinua au kushusha malipo, nami nayapitia kwa ufupi. Aina ya mashine ni mojawapo: anayesaidia kwenye CT au kwenye MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku) huwajibika zaidi kuliko anayesaidia kwenye eksirei ya kawaida, kwa sababu ya dawa zinazodungwa, na kwa sababu sumaku ya MRI huweza kukirusha chuma kilichosahauliwa mfukoni. Mahali pia huhesabiwa, maana posho ya nyumba hupangwa kwa makundi ya miji, Nairobi ikiwa juu, ingawa mpangaji wa Tudor au Kizingo hapa Mombasa hahisi kwamba amepunguziwa kitu. Nguvu ya chama ina uzito mkubwa: madaktari walipata makubaliano yao mapya mwaka 2017 baada ya mgomo wa siku 100, na wauguzi walikaa nje kwa miezi mitano mwaka huohuo. Wasaidizi wa radiolojia ni wawili hapa na watatu pale, na mgomo wa watu watatu hausikiki. Ni kwa ajili hiyo hasa kwamba wanahitaji bodi na waziri wa kuwasemea, kwa kuwa mizani ya majadiliano haitawapa kamwe walichopewa wenye idadi.

Masharti ya ajira yanastahili maneno zaidi. Wapo walioajiriwa kwa kudumu, wapo wa mikataba inayohuishwa kila baada ya miezi michache, na wapo wanaolipwa kwa siku. Kazi yao ni ileile, chumba ni kilekile, na wakati mwingine wanapokezana beji moja, jambo ambalo ni kosa kubwa, kwani beji inayovaliwa na watu wawili haipimi dozi ya yeyote kati yao. Kibarua wa siku hana likizo ya ugonjwa, hana pensheni, na mapato ya hospitali yakiyumba yeye ndiye wa kwanza kuambiwa apumzike nyumbani. Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024, nimesikia vituo vya binafsi vikieleza kila ucheleweshaji wa mshahara kwa kusema kwamba madai yao hayajalipwa. Huenda ni kweli. Lakini mwenye kituo ana benki ya kumkopesha, na kibarua ana duka la mtaani ambalo limekwisha kumwandika kwenye daftari.

Tuziangalie tarakimu. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa jumla katika miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila posho ya nyumba. Kliniki inayomwandika msaidizi wa eksirei kuwa kibarua wa jumla haijavunja amri hiyo ikimlipa kiasi hicho, na hapo ndipo cheo kinapogeuka kuwa njia ya kuokoa fedha. Tuchukue mfano wa aliyepanda kidogo, anayelipwa jumla ya shilingi 25,000. Bima ya afya ya jamii inachukua asilimia 2.75, yaani shilingi 687.50. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ni shilingi 375. Mchango wa NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, wa asilimia 6 ni shilingi 1,500. Kodi ya mapato haimfikii kwa sababu ya nafuu ya kila mwezi, na anachobaki nacho ni shilingi 22,437.50. Kutoka hapo atoe kodi ya chumba, nauli za kuvuka na kurudi, karo na chakula, kisha aitwe usiku kwa gharama yake. Makato haya ni ya kisheria na siyapingi hapa. Ninachosema ni kwamba mshahara unaokaa karibu na kima cha chini hauna nafasi ya kubeba gharama ambazo ni za mwajiri.

Baadhi ya wakurugenzi wameniambia kwamba wanaoomba nyongeza wanasoma mishahara ya Marekani kwenye simu zao. Ni kweli kwamba majina yanachanganya, na ni vizuri tuyaweke sawa. Anayeitwa msaidizi wa daktari wa radiolojia kule Marekani ni radiografa mzoefu aliyeongeza masomo ya juu na kupata usajili maalumu, na hufanya baadhi ya vipimo chini ya usimamizi wa daktari. Huyo si msaidizi ninayemzungumzia, na hakuna aliye na akili timamu anayeomba mshahara wake. Lakini hata kule lipo la kujifunza. Takwimu za idara ya kazi ya Marekani za Mei 2023 zilionyesha kwamba malipo ya kati ya radiografa yalikuwa dola 73,410 kwa mwaka, na ya mtaalamu wa MRI dola 83,740. Pengo hilo linaonyesha kwamba ugumu wa mashine umepewa bei, na bei hiyo imeandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma.

Uingereza inatufaa zaidi kwa mfano, kwa sababu hospitali zao nyingi ni za umma kama zetu. Tangu mwaka 2004 huduma yao ya afya ya taifa imekuwa na ngazi moja ya madaraja kwa watumishi walio wengi. Msaidizi wa idara ya picha huwa katika daraja la 2 au la 3, aliyeongeza mafunzo na kuruhusiwa kupiga baadhi ya picha chini ya usimamizi huwa daraja la 4, na radiografa huanzia la 5. Anayefanya kazi London huongezewa kwa sababu ya ughali wa mji. Viwango vya kila daraja vinachapishwa, hata kijana anayefikiria kuomba kazi anajua atapata nini leo na atapata nini akisoma. Mishahara yao haitufai kuiga, kwa kuwa uchumi wao si wetu. Zile ngazi tatu kabla ya radiografa tunaweza kuziiga kesho, na gharama yake ni karatasi na kikao.

Najua nitaambiwa hakuna fedha. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti na nne za kitaifa, na mashine za picha zilikuwa miongoni mwake. Fedha za kukodi zilikatwa kwenye mgao wa kaunti kabla haujafika kwenye kaunti zenyewe. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo iliripoti mwaka 2020, na miongoni mwa iliyoyaona ni vifaa vilivyokaa bila kutumika kwa kukosa wafanyakazi na miundombinu. Serikali iliweza kuhakikisha kwamba mwenye mashine analipwa kabla ya wote. Mtu wa kuiendesha na mtu wa kumlaza mgonjwa juu yake waliachwa wasubiri bajeti ikiruhusu, na matokeo yake yaliandikwa katika ripoti hiyo. Aidha, chini ya Sheria ya Ufadhili wa Kuboresha Vituo vya Afya ya 2023, hospitali za umma zinaruhusiwa kubaki na mapato yao na kuyatumia kuendeshea huduma. Idara ya picha ni miongoni mwa zinazoingiza mapato hayo kila siku, na nauli ya usiku ya msaidizi mmoja ni sehemu ndogo sana ya kile ambacho picha za usiku huo zimeingiza.

Kwa hiyo ninaomba haya. Waziri wa Afya aagize orodha ya kila mtu anayevaa beji ya mionzi, au anayepaswa kuivaa, katika vituo vya umma vya kaunti hii, ikionyesha cheo kilichoandikwa kwenye barua yake ya ajira na kazi anazozifanya kwa kweli. Orodha hiyo haihitaji bajeti, na wakuu wa idara wanaweza kuikamilisha katika wiki mbili. Bodi ya Utumishi wa Umma iandike upya maelezo ya kazi ya msaidizi wa radiolojia, kwa ngazi zisizopungua tatu, ikiwashirikisha wasaidizi wenyewe, na iyapeleke kwa Tume ya Mishahara na Marupurupu yakafanyiwe tathmini. Tume nayo iyapokee bila kungoja mzunguko mwingine wa miaka. Wakati tathmini hiyo ikiendelea, kila anayeitwa usiku arudishiwe nauli, na kila anayeingia chumba cha mionzi awe na beji yake mwenyewe na aproni isiyopasuka. Wakurugenzi wa binafsi sina mamlaka ya kuwaagiza, ila nawakumbusha kwamba Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira yanayofaa ya kazi, na haikutofautisha hospitali ya kaunti na ya mtu binafsi.

Muda una uzito wake. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Orodha isipokuwa tayari kabla ya Februari, jambo hili litasukumwa mwaka mwingine mzima. Ninaomba jibu la maandishi kutoka kwa Bodi na kwa Waziri, libandikwe kwenye mbao za matangazo za idara za picha ambapo wahusika wataliona. Wasaidizi niliozungumza nao wako tayari kuja kueleza kazi yao mbele ya kikao chochote mtakachokiita, mradi kisipangwe Jumatatu asubuhi.

Wenu katika utumishi,

Radiografa, Mombasa